Komori kutoka Nairobi: tupande ndege au tutafute chombo? Na mwezi gani?

#1 Mtembezi wa South B
Hamjambo wanajamvi. Tuko wanne, wote wa hapa Nairobi, na chama chetu kimeweka akiba tangu mwaka jana kwa jambo moja tu: wiki tatu katika visiwa vya Komori. Hoteli hatuzitaki. Tunataka kupanda mlima wa volkano wa Karthala kule Ngazija, tuvuke hadi Mwali, tulale Itsamia tuone kasa wakitaga, kisha tufike vile visiwa vidogo vilivyo mbele ya Nyumashuwa.

Ubishi ni huu. Mimi nashikilia kwamba twende kwa bahari. Wazee wa pwani walikwenda Ngazija kwa jahazi na upepo wa kaskazi, iweje sisi tushindwe? Tushuke Mombasa kwa treni, tutafute chombo, hata kama kitapitia Unguja. Wenzangu wanasema nawatafutia kifo. La pili ni mwezi. Wawili wanataka Januari, mmoja anataka Agosti. Aliyewahi kwenda aseme.

#2 Kijana wa Pangani
Kaka, Komori ya nini wakati visiwa vya Lamu hujavimaliza? Panda basi hadi Mokowe, vuka, kisha tafuta mashua ya Pate, Ndau mpaka Kiwayu. Lugha ni yako na pasipoti unaiacha kwenye kabati.

#3 Mtembezi wa South B
Kiwayu tulifika 2022. Ndiyo iliyotutia hamu ya kwenda mbali zaidi.

#4 Nahodha Mstaafu
Nimefanya kazi vyombo vya mizigo miaka mingi, Mombasa, Unguja, Mtwara hadi Moroni, mji mkuu wa Komori, kwa hiyo hili nitalijibu kwa kirefu.

Kaskazi hushika Novemba au Desemba hadi Machi. Ndiyo iliyokuwa ikisukuma majahazi kuelekea kusini. Kusi hushika Aprili hadi Septemba hivi, na ndiyo iliyokuwa ikiyarudisha. Mtembezi, hapo uko sawa. Lakini kuna jambo hukuambiwa: miezi ya kaskazi ndiyo miezi ya mvua kule, na kuanzia Novemba hadi Aprili vimbunga vinatembea. Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazija Aprili 2019 kabla ya kuiangukia Msumbiji. Chido kiliivunja Maore (Mayotte) Desemba 2024. Wazee walijua hatari hiyo, nao walisafiri kwa sababu njia nyingine hawakuwa nayo. Halafu kaskazi hulegea kadiri unavyozidi kwenda kusini. Nimeona chombo kikikaa siku tatu baharini tanga limelala na maji ya kunywa yanapimwa kwa kikombe cha chai.

Chombo cha mizigo hakina nafasi ya abiria. Utalala juu ya magunia ya saruji, chini ya turubai, karibu na moshi wa injini. Jaketi la kuokolea unaweza kulikosa. Watoto wangu mwenyewe nisingewaruhusu. Pandeni ndege hadi Moroni, bahari mtaipata ya kutosha kati ya Ngazija na Mwali.

#5 Binti wa Majengo
Shikamoo Nahodha. Mimi nilikwenda Agosti, kwa arusi ya binamu upande wa bibi, maana bibi yangu ni Mngazija. Mtembezi, kama unataka kuwaona Wakomori wakiwa nyumbani kwao wenyewe, Agosti ndiyo. Waliohamia Ufaransa, hasa Marseille, hurudi likizo ya Julai na Agosti, wenyewe huwaita "jeviens", na ndipo arusi kubwa za anda zinafanywa. Ngoma usiku hadi usiku, barabara inafungwa, akina mama wamevaa leso na dhahabu hadi viwiko. Mtu akishafanya anda anahesabika mkubwa katika mji wake, ana sauti barazani. Asipofanya, hata awe na shahada tatu, bado ni kijana.

#6 Kijana wa Pangani
Mimi Komori ningebaki kijana milele.

#7 Mhasibu wa Umoja
Dada hapo #5, asante, lakini mwambie mwenzako upande wa pili. Agosti hiyo hiyo nauli inapanda, vyumba Moroni vimejaa, na vyombo vya kati ya visiwa vimebanana watu na mizigo ya arusi. Mimi ningekwenda Mei au Juni. Mvua imekatika, jeviens hawajafika.

#8 Mtembezi wa South B
Na nyangumi? Nimesikia Mwali wanapita.

#9 Mwalimu wa Jio
Nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa. Kwa kawaida kuanzia Julai hadi Oktoba wanakuwa karibu na Mwali. Kwa hiyo #7 na Mei yake atawakosa. Kasa wale hutaga mwaka mzima, kwa hao mwezi wowote ni sawa.

Halafu kitu ambacho hakuna aliyekigusa: maji. Kisiwa kikubwa cha Ngazija hakina mto unaotiririka mwaka mzima. Mvua inanyesha kwa wingi na maji yanazama yote. Watu hukinga mvua kwenye birika za saruji kando ya nyumba. Mkipanda Karthala, kila tone mtalibeba mgongoni. Mwali na Nzwani ndiko kwenye vijito.

#10 Fundi Bomba
Mwalimu, maji yanazama kwa nini? Kwetu Kisii mawe ni ya volkano pia na mito tunayo.

#11 Mwalimu wa Jio
Umri wa mawe. Ngazija ni kisiwa kichanga, lava yake ina nyufa na matundu, haijapata muda wa kuoza ikawa udongo wa kuzuia maji. Volkano za kwenu ni za kale sana. Angalia safu yenyewe: Ngazija kijana zaidi upande wa magharibi, Maore mzee zaidi upande wa mashariki, na Maore kwa uzee wake imeshaanza kuzama na kuzungukwa na mwamba wa matumbawe wenye wangwa mkubwa ndani.

#12 Binti wa Majengo
Bibi anasema zamani vijito vilikuwa vingi zaidi, hata Nzwani, vikakauka misitu ilipokatwa kwa mashamba ya karafuu na mlangilangi na kwa kuni za kukamulia mafuta yake. Kwa hiyo si mawe peke yake.

#13 Mwalimu wa Jio
Kwa Nzwani nakubali. Kwa Ngazija sikubali.

#14 Kijana wa Pangani
Nimeangalia. Karthala ni mita 2,361. Ngong pale juu kabisa ni 2,460. Yaani mnaweka akiba mwaka mzima kupanda kitu kifupi kuliko vilima tulivyopanda na walimu tukiwa darasa la sita.

#15 Mpanda Milima Rongai
Pangani, Ngong ulianzia wapi kupanda? Gari lilikushusha ukiwa umeshafika karibu mita 2,000. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,800. Moroni iko usawa wa bahari, na vijiji vya kuanzia kama Mvuni viko mita mia chache tu. Kule unapanda kilomita nzima na nyingine juu yake, kwenye joto la msitu kwanza, kisha vichaka, kisha majivu meusi yanayoteleza. Nilipanda 2018. Tuliondoka gizani, tukafika ukingo wa kreta jioni. Ile kreta ina upana wa kilomita tatu kwa nne. Ukungu ulipofunguka niliona ukuta wa upande wa pili kwa dakika kama tano, ukafunga tena. Usiku baridi ilikuwa kali na mwongozaji wetu alikuwa na kanzu na sweta moja tu, akawasha moto kwa matawi ya mti unaofanana na mdamba wetu wa Mlima Kenya. Nilimpa blanketi langu la Kimasai akalala nalo, na asubuhi sikulitaka tena.

Fanyeni mazoezi Longonot mkiwa na lita tano za maji kila mmoja. Viatu tafuteni Gikomba, vyenye soli ngumu, lava inakata kama kisu.

#16 Mama Kasuku
Na ikilipuka mkiwa huko juu?

#17 Mpanda Milima Rongai
Mwongozaji wangu alikuwepo 2005. Ililipuka Aprili na tena Novemba mwaka huo. Alisema kilichowatesa zaidi ni majivu kuingia kwenye birika, maji yote ya kunywa yakaharibika. Unaona basi, hadithi inarudi pale pale kwa Mwalimu #9. Kabla ya kupanda ulizeni hali ya mlima Moroni, kuna kituo kinachoufuatilia.

#18 Mzee wa Ngara
Vijana, salaam. Mkifika kaskazini mwa Ngazija, kuelekea Mitsamihuli, simameni kidogo kwenye ufuo. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege iliyokuwa inatoka Addis Ababa kuja hapa Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini mita kama mia tano kutoka ufuoni. Walikuwemo watu 175, wakafa 125. Mmoja wao ni Mohamed Amin, mpiga picha wetu, yule aliyeonyesha dunia njaa ya Ethiopia 1984. Nilikuwa na duka karibu na River Road, na siku ile watu walisimama mbele ya redio yangu hadi barabara ikajaa. Watalii na wavuvi wa pale waliingia majini na ngalawa kuwatoa majeruhi. Sijawahi kufika, ila nyinyi mkifika, someni dua.

#19 Mtembezi wa South B
Tutasimama, mzee. Asante kwa kutuambia.

#20 Mpenda Samaki
Mimi ningekwenda kwa sababu moja: gombesa! Samaki aliyedhaniwa ametoweka pamoja na madinosau, akagunduliwa Komori 1938. Mkipiga mbizi mnaweza kumwona.

#21 Mwalimu wa Jio
Makosa mawili. 1938 alipatikana Afrika Kusini, karibu na East London. Komori ni wa pili, Desemba 1952, huko Nzwani, na ndipo ikajulikana kwamba wavuvi wa pale walikuwa wakimvua siku zote na jina walishampa. Na kwa kupiga mbizi humwoni, mchana hujificha kwenye mapango ya lava kina cha mita mia na zaidi.

#22 Mvuvi wa Mayungu
Hata Malindi alinaswa mmoja 2001, kwenye wavu wa meli. Msimpe Komori sifa zote.

#23 Mpenda Samaki
Nimekubali, Mwalimu. Malindi sikujua, asante Mvuvi.

#24 Mhasibu wa Umoja
Turudi kwenye pesa. Faranga ya Komori imefungwa kwa yuro, yuro moja ni kama faranga 492. Badilisheni shilingi kuwa yuro hapa hapa mjini kabla ya kuondoka, tena noti ndogo ndogo. Mwali msitegemee kadi wala simu, M-Pesa iacheni Kenya. Visa mtapewa mkifika. Bebeni cheti cha homa ya manjano, na neti, kwa sababu malaria ipo.

#25 Dereva Mstaarabu
Kama mko huko tayari, si mruke hadi Maore? Rafiki aliniambia kuna boti za usiku kutoka Nzwani, kwasa-kwasa, bei nafuu, kilomita sabini tu.

#26 Nahodha Mstaafu
Dereva, hilo lifute kichwani. Maore iko chini ya Ufaransa, ni mkoa wake kamili tangu 2011, na tangu 1995 Wakomori wenyewe wanahitaji visa kuingia. Zile boti hubeba watu wanaokimbilia hospitali, kazi na jamaa zao. Zinajazwa kupita kiasi, zinaondoka gizani bila taa, na waliozama ni wengi mno. Nimewahi kuokota ndala ya mtoto ikielea peke yake asubuhi kwenye mkondo ule. Nyekundu, ya mguu wa kushoto. Tulizunguka pale saa nzima na hatukuona kitu kingine. Mtalii asiende kule kutafuta hadithi ya kusimulia.

#27 Dereva Mstaarabu
Samahani Nahodha. Sikujua.

#28 Fundi Bomba
Lakini kwasa-kwasa si ni ile ngoma ya Kongo? Imefikaje kwenye boti?

#29 Mama Kasuku
Ni ngoma ile ile, kwa sababu boti inatikisika kama kiuno cha mchezaji.

#30 Binti wa Majengo
Nyumbani niliambiwa ni jina la boti za uvuvi tu, zilipewa enzi ngoma hiyo inavuma redioni. Mambo ya kutikisika yaliongezwa baadaye.

#31 Mtembezi wa South B
Binti, tuambie kuhusu kuvuka kwenda Mwali. Na lugha. Mimi Kifaransa sina hata neno.

#32 Binti wa Majengo
Lugha usiogope, ila usijiamini kupita kiasi. Shikomori ni ndugu wa Kiswahili, utashika neno moja kati ya matatu, halafu lile moja litakupoteza. Siku ya kwanza Fomboni, mji mkuu wa Mwali, nilimsaidia bibi mmoja kubeba ndoo hadi mlangoni kwake. Akanitazama, akaweka mkono kifuani, akasema, "Marahaba." Nikaganda! Mimi sijamwamkia bado, anaitikia nini? Nikaona haya, nikamwambia shikamoo haraka haraka kurekebisha kosa. Bibi akacheka hadi akakaa kwenye kizingiti. Kumbe kwao marahaba ni asante. Tangu siku ile akiniona sokoni anapaza sauti, "Shikamoo!" na mimi nampa marahaba yake.

Kuvuka: unakwenda kusini kabisa mwa Ngazija, kijiji cha Chindini, kisha boti ndogo ya injini hadi Hoani. Kama saa mbili bahari ikiwa tulivu. Ratiba hakuna. Boti inaondoka ikijaa. Nilikaa kwenye mawe meusi ya Chindini tangu alfajiri, kuku wawili wamefungwa miguu karibu nami na godoro la arusi limezungushiwa nailoni. Mwenye boti akatupungia mkono saa nne, na kufikia hapo mawimbi yalikuwa yameshaanza kusimama. Nilitapika njia nzima. Kumbuka hii: dai jaketi kabla hujapanda.

#33 Fundi Bomba
Kwa nini bahari hapo huchafuka kuanzia saa nne? Mbona alfajiri ni shwari?

#34 Mpanda Milima Rongai
Ni Karthala. Jua likiwaka yale mawe meusi yanapata moto, hewa inapanda, upepo wa bahari unavutwa. Mwongozaji alinieleza hivyo.

#35 Nahodha Mstaafu
Upepo upo, lakini shida kubwa ni mkondo. Maji yanabanwa kati ya visiwa viwili. Kusi ikivuma kinyume na mkondo, wimbi linakuwa fupi na wima. Siku maji na upepo vinakwenda upande mmoja, hata saa sita mchana unavuka unakunywa chai.

#36 Mvuvi wa Mayungu
Mimi nasema ni bamvua, yale maji makubwa. Angalia mwezi kwanza. Siku za maji mafu hutaona hayo yote.

#37 Binti wa Majengo
Wenyeji wa Chindini waliniambia jambo lingine, kwamba kuna mwamba chini pale katikati, maji yanapanda juu yake.

#38 Nahodha Mstaafu
Mwamba huo sijawahi kuusoma kwenye ramani yoyote. Lakini wavuvi wa pale wanavua pale kila siku, mimi nilipita tu, kwa hiyo siwezi kuwaambia hawaujui.

#39 Mwanafunzi wa Kikuyu
Mmewahi kufika Itsamia? Ni kweli mtu anaweza kumgusa kasa?

#40 Mpanda Milima Rongai
Nilifika baada ya Karthala. Usimguse! Wanakijiji wenyewe ndio walinzi, na bahari ya kusini mwa Mwali ni hifadhi tangu 2001. Utapewa mtu wa kukuongoza, utazima tochi na simu. Tulikaa kwenye mchanga kama saa nzima hatuoni chochote. Kisha nikasikia pumzi, nzito, kama ya mtu mzima anayepanda ngazi na mzigo. Alikuwa hatua kumi kutoka nilipo. Alichimba kwa makasia ya nyuma, kimoja kikichota mchanga, kingine kikisubiri, taratibu kama mama anayepima unga. Mayai yalianguka mawili mawili, meupe, duara. Machozi yanamtoka muda wote. Mwongozaji akasema anatoa chumvi mwilini. Bibi mmoja aliyekuwa nasi akasema hapana, analia kwa sababu hatawaona wanawe. Nikarudi Nairobi na maelezo yote mawili.

Mkiwa Mwali ulizeni pia popo wa Livingstone, anaishi Mwali na Nzwani tu, duniani kote hayupo kwingine. Mabawa yake yakinyooshwa yanakaribia mita moja na nusu. Saa kumi jioni anaelea juu ya miti bila kupiga bawa, ungedhani ni mwewe.

#41 Mzee wa Ngara
Na mjue hamwendi ugenini kabisa. Habib Swaleh aliyeanzisha msikiti wa Riyadha kule Lamu, yule ambaye Maulidi yake yanajaza mji kila mwaka, asili yake ni Ngazija. Njia hii watu waliipita kwa pande zote mbili.

#42 Kijana wa Pangani
Mzee hapo umenishika. Maulidi ya Lamu nimeyahudhuria mara mbili na hilo sikulijua. Mtembezi, nafasi ya mtu wa tano ipo?

#43 Mtembezi wa South B
Ipo, ukifanya Longonot na lita tano kama alivyosema #15.

Wanajamvi, jana tulikaa kikao. Januari imeanguka. Sasa ubishi ni Juni au mwisho wa Septemba: wawili wanataka Juni kwa utulivu wa vyumba, wawili wanataka Septemba kwa nyangumi, jeviens wakiwa wameondoka. Kwenda tumekubaliana ni kwa ndege. Kuhusu kurudi, bado sijasalimu amri. Nilimpigia mtu Mombasa, akasema kuna chombo cha Moroni hadi Unguja kila wiki mbili. Nikampigia mwingine pale pale bandarini, akasema hakijaonekana tangu mwaka jana.

#44 Nahodha Mstaafu
Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Ukipata jina la chombo na la nahodha wake, niletee hapa kabla hujalipa hata shilingi.